Visiwa vya Ziwa Kivu: safari ya bei ndogo isilipwe kwa roho za watu

Mwenye hamu ya kutembelea visiwa lakini mfuko wake ni mwepesi hana lazima ya kuota Zanzibar wala Shelisheli. Kwa wakaaji wa Goma, Bukavu, Kalehe na Minova, visiwa viko mbele ya macho. Ziwa Kivu lina upana wa kilometa mraba zipatazo 2.700, liko mita karibu 1.460 juu ya bahari, na ndani yake mna visiwa vingi: Idjwi kikubwa chao, Ibinja upande wa kusini, Tchegera upande wa kaskazini ndani ya Hifadhi ya Virunga, na vingine vidogo ambavyo majina yao yanajulikana na wavuvi tu.

Msafiri asiye na pesa nyingi anaweza kupita kisiwa hadi kisiwa hapa kwa gharama ambayo mtalii wa baharini hataisadiki. Anapanda boti la abiria na mizigo badala ya boti la kasi. Akifika Idjwi anachukua pikipiki, au anatembea kwa miguu kati ya mashamba ya ndizi, kahawa na mananasi. Analala katika nyumba ya wageni ya parokia au kwa mtu wa ukoo wa rafiki. Anakula sambaza na bugali, na akipenda anaonja kasiksi. Usiku anatazama taa za wavuvi zikienea juu ya maji na kusikia nyimbo zao wakipiga kasia. Hayo yote hayauzwi na kampuni yoyote ya utalii.

Tena Idjwi kina sifa ambayo pesa hainunui. Kwa miaka mingi, wakati vita vilikuwa vinapita Kivu ya kaskazini na Kivu ya kusini, kisiwa hiki kilibaki pembeni mwa mapigano na kupokea waliokimbia. Kijana wa Goma akienda kukaa huko siku tatu anajifunza kwamba Kivu si jina la vita peke yake.

Lakini kuna swali ambalo halipashwi kukwepwa. Bei ya boti ikiwa ndogo, nani anailipa ile tofauti?

Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, boti Merdi lilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, likitoka Minova. Lilikuwa limejaza watu kupita uwezo wake. Makumi ya watu walikufa, na waliokuwa ufukoni waliona kwa macho. Wengi wa abiria hawakuwa wamechagua ziwa kwa kupenda: barabara ya Goma na Minova ilikuwa imekatwa na mapigano, na njia ya maji ndiyo iliyobaki kwa mama mwenye kuleta chakula sokoni. Miaka mitano mbele ya hapo, mwezi wa ine 2019, boti lingine lilizama katika ziwa hili hili. Rais Félix Tshisekedi alifika Kalehe kuwafariji waliofiwa na akatangaza kwamba kuvaa jile la kuokolea ni lazima kwa kila abiria. Kutoka tangazo lile hadi Kituku, tofauti iliyoonekana ni ndogo.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Tarehe 10 mwezi wa tisa 2011, meli Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba. Tarehe 20 mwezi wa tisa 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Viktoria, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Pote ni hadithi moja: watu wa visiwa, chombo kimoja, nafasi chache, na hakuna aliyesema « imetosha ». Linalotisha zaidi ni kwamba Nyerere na Merdi havikuzamia katikati ya maji. Vilizama vikiwa vimekaribia kufika. Chombo kilichopakia kupita kiasi hakihitaji dhoruba. Kinahitaji tu watu wahamie upande mmoja.

Wenye maboti wana jibu lao, na jibu hilo linastahili kusikilizwa. Wanasema mafuta ni ghali, na tena bandarini kuna malipo mengi: kila mwenye kitabu cha risiti anataka sehemu yake, na wengine hata risiti hawana. Wakipakia watu kwa hesabu ya haki, wanasema, nauli itapanda, na wa kwanza kushindwa atakuwa mama wa Idjwi mwenye vikapu viwili vya mananasi. Akishindwa kupanda boti, atapanda mtumbwi, na mtumbwi usiku wenye upepo ni hatari zaidi. Wakaaji wa Idjwi na Kalehe wanakumbuka miaka ambayo wakulima walivusha kahawa yao kwa mitumbwi usiku kwenda Rwanda wakitafuta bei nzuri, na wengi hawakurudi. Wajane wao wangali hai.

Hoja hiyo ni ya kweli nusu. Ni kweli kwamba maskini hawezi kuongezewa mzigo. Si kweli kwamba njia pekee ya kumpunguzia ni kumkalisha juu ya magunia bila jile. Jile likinunuliwa mara moja linavaliwa na abiria wengi kwa miaka. Mstari wa rangi ubavuni mwa boti, unaoonyesha mwisho wa kuzama kwa mzigo, unagharimu kopo moja la rangi. Daftari la majina ya abiria linagharimu kalamu. Kinachogharimu sana ni yale malipo ya bandarini yasiyo na mwisho. Basi hapo ndipo pa kukata. Anayesimamia bandari, awe nani siku hiyo, aweke malipo moja yanayojulikana, yaliyoandikwa ukutani, na kwa kubadilishana amzuie mwenye boti asing'oe nanga kama hesabu ya watu imepita au majile hayatoshi.

Kuna pia jambo la kuiga kutoka Zanzibar. Kwenye meli za Dar es Salaam na Unguja, mkaaji na mgeni kutoka nje hawalipi nauli sawa. Mkaaji analipa kidogo. Hata Kivu, mtalii anayekuja kuangalia milima anaweza kulipa zaidi ya mwanafunzi anayerudi kwao Idjwi. Hakuna dhuluma hapo. Dhuluma ni pale wenye dola wanapopata boti la kasi lenye majile mapya, na wengine wanaachiwa boti ambalo hakuna anayejua limebeba watu wangapi mpaka siku ya kuhesabu maiti.

Leo neno hili lina uzito zaidi. Tangu mwezi wa kwanza 2025 Goma ilipoanguka mikononi mwa M23, na Bukavu mwezi uliofuata, safari za kati ya miji hii miwili zimekuwa ngumu kuliko zamani. Ziwa limezidi kuwa barabara. Viongozi wanabadilika, mabendera yanabadilika, lakini kina cha Ziwa Kivu, karibu mita 480, hakibadiliki. Anayezama hapo haulizwi yuko upande wa nani.

Naye msafiri ana sehemu yake. Safari ya bei ndogo inahitaji akili kuliko pesa: kuondoka asubuhi upepo ungali mdogo, kuuliza jile kabla ya kulipa, kuandikisha jina lake, kumwambia mtu wa nyumbani amepanda boti gani. Akikaa karibu na Goma awaulize wenyeji penye mazuku, ile gesi inayotoka ardhini na kuua bila kelele. Na yule mwitaji wa bandarini akipaza sauti, « Mama, ingia, nafasi ingali! » wakati watu wamekwisha simama, mama ana haki ya kujibu kwamba atangoja la kesho. Wakijibu hivyo watu kumi, mwenye boti ataelewa haraka kuliko kwa amri ya waziri.

Visiwa vya Kivu ni vya wote, hata vya mwanafunzi mwenye franka chache. Ubaki kuwa hivyo. Lakini nauli inaitwa ndogo pale tu abiria anaposhuka upande wa pili akiwa mzima, na vikapu vyake viwili vya mananasi.