Viti vya Land Rover ya Marehemu: Amana Kwanza, Mapambo Baadaye

Kila sifa njema ni ya Allah Mtukufu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika vijiji vyetu vya Karatu, kuanzia hapa Qurus hadi Rhotia na Oldeani, Land Rover kuukuu si kitu cha kushangaza. Zipo zinazopanda milima hadi leo, na zipo zilizolala nyuma ya nyumba, kuku wakitaga kwenye viti. Tangu Arusha ilipokusanya mamia ya magari hayo katika tamasha la Oktoba 2024, familia nyingi zimeanza kuyatazama kwa jicho jipya. Vijana wanauliza namna ya kuyarejesha katika hali yake ya asili, hasa ndani: viti, mapambo ya milango, dari na mikeka ya sakafuni. Na kwa kuwa mengi ya magari hayo yaliachwa na wazee waliotangulia mbele ya haki, swali la ufundi huja likiwa limefuatana na swali la sheria. Juma hili tutayatazama yote mawili.

Tuanze na gari lenyewe. Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani na chuma kilikuwa adimu, ndiyo maana bodi yake ikaundwa kwa mchanganyiko wa alumini. Lilikuwa gari la shamba na la kazi. Katika nyanda zetu, ambako barabara ilikuwa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, gari la namna hiyo lilipata kazi ya kutosha. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959, na hadi sasa gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kushuka kreta.

Sasa, asili ya ndani yake ilikuwaje? Katika matoleo ya Series II na IIA, yaliyotengenezwa kati ya 1958 na 1971, mita zimekaa katikati ya dashibodi ya bati, na viti vya mbele ni vitatu, vimevishwa reksini, mara nyingi ya rangi ya kijivu. Lilipokuja toleo la Series III mwaka 1971, mita zilihamishiwa mbele ya dereva, dashibodi ikawa ya plastiki, na reksini nyeusi ikawa ndiyo ya kawaida. Mito ya kukalia hunyanyuliwa kwa mkono tu, na katika magari mengi ya aina hiyo tangi la mafuta liko chini ya kiti cha mbele. Sakafuni palitandikwa mpira. Hapakuwa na zulia wala mbao za kung'aa.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Wengi hudhani kurejesha asili ni kuongeza, kumbe katika magari haya aghalabu ni kupunguza. Mapazia yenye shada, vitambaa vya madoa ya chui, spika za muziki zilizotobolewa mlangoni na zulia lililogandishwa kwa gundi, vyote hivyo viliingia baadaye. Zulia hilo pia lina madhara, kwani hufyonza maji na kuyahifadhi pale alumini inapokutana na chuma, na hapo ndipo bodi inapoanza kuliwa. Kwa hiyo anayeuliza kama kazi hii ni israfu, jibu ni kwamba inategemea anachokifanya. Kuirudisha mali katika manufaa yake na kuizuia isiharibike ni kuihifadhi neema. Kuivisha fahari ambayo haikuwa nayo, ilhali ada ya shule ya watoto haijalipwa, hilo ni jambo jingine.

Ama kuhusu kazi yenyewe, mambo yafuatayo yatamsaidia mwenye gari na fundi wake. Kwanza, kabla ya kufungua skrubu hata moja, lipigwe picha kila pembe, na kila kinachotolewa kiandikwe kimetoka kushoto au kulia. Skrubu na vibanio viwekwe katika makopo yenye alama. Pili, vumbi letu litolewe kwa brashi kavu kabla ya maji kugusa kiti, kwani vumbi jekundu likilowa huwa tope ndani ya mishono na halitoki tena. Kisha itumike sabuni laini na maji ya uvuguvugu. Petroli na thina zisipakwe kwenye reksini: huonekana kung'arisha siku ya kwanza, lakini hukausha ulaini wake hadi ikapasuka. Tatu, reksini ya zamani isitupwe hata kama imechakaa. Ifumuliwe mshono kwa mshono, na kila kipande kiwe kielelezo cha kukatia kipya. Bila vipande hivyo fundi hukisia, na makisio huonekana kwenye mikunjo ya pembeni.

Nne, sponji iliyosagika kuwa unga ibadilishwe, na ile iliyo nzima ibaki. Tano, uzi uwe wa poliesta, kwa kuwa wa pamba huoza kwa unyevu na jua. Sita, reksini hunyooka vizuri ikipata joto. Katika miezi ya Juni na Julai, asubuhi za Karatu ni za baridi, na anayevuta reksini mapema huichana. Itandazwe juani hadi adhuhuri, kisha ivutwe. Kazi hii si ya wanaume peke yao. Binti aliyehitimu cherehani na anayeweza kushona mshono mnyoofu kwenye kitambaa kizito anaweza kuifanya vizuri, na kipato chake ni cha halali.

Makubaliano na fundi nayo yana adabu zake. Mafundisho yetu yanataka ujira ujulikane, kazi ielezwe sifa zake, na muda utajwe, ili pasiwe na mlango wa ugomvi. Iandikwe reksini ni ya rangi gani, sponji ya unene gani, nani ananunua vifaa. Na liandikwe lile linalosahaulika siku zote: viti na vipande vya zamani ni mali ya mwenye gari, navyo ni amana mikononi mwa fundi. Fundi asivihesabu kuwa masalia ya kazi mpaka aruhusiwe.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi tunaoishi jirani na hifadhi. Kuna wanaopenda kuvisha viti ngozi za wanyamapori, au wanaouziwa kipande cha ngozi ya chui wakaambiwa ndiyo heshima ya gari la safari. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara za serikali bila kibali. Na kabla ya sheria hiyo, imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kukalia ngozi za wanyama wakali. Muislamu wa Karatu ana makatazo mawili mbele yake, na moja lingemtosha.

Tuje sasa kwenye biashara. Gari la kale lenye vitu vyake vya asili hutafutwa na wakusanyaji, wakiwemo wageni kutoka nje, na hapo ndipo neno "orijino" linapotoka midomoni kwa wepesi. Sote tunaifahamu habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umaji. Mwenye nafaka alijitetea kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) alimuuliza kwa nini hakuuweka umaji ule juu ili watu wauone, kisha akajitenga na kila anayeghushi. Kiti cha gari ni kama rundo lile, kwa maana juu kinaonekana na chini hakionekani. Mwenye kuuza aseme: mfuko wa kiti ni mpya, fremu ni ya zamani, dashibodi imetoka gari jingine. Kasoro iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha mali, na haki hiyo haiangalii dini yake wala nchi aliyotoka. Reksini mpya iliyoshonwa kwa kufuata ile ya zamani haina aibu. Aibu ni kuipaka vumbi ili ionekane ya mwaka 1965.

Nimeliacha mwisho lililo zito zaidi. Kamati ya msikiti iliitwa kusuluhisha familia moja ya tarafa zetu. Majina na alama nimeyaacha kwa ajili ya kusitiri. Mzee alifariki akaacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na Land Rover ya inchi 109 aliyoiendesha nusu ya umri wake. Mama akiwa bado ndani ya eda, mtoto mkubwa alilipeleka gari gereji, akalivisha viti vipya kwa fedha zake, na viti vya kijivu vya zamani akamwachia fundi kuwa sehemu ya malipo. Nia yake, kama alivyosema, ilikuwa gari lipate bei nzuri kwa manufaa ya wote. Mnunuzi alipopatikana, swali lake la kwanza lilikuwa: viti vya asili viko wapi?

Tuliwaeleza kama sheria inavyoeleza. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, mali ya marehemu huyu, ambaye wazazi wake walikwisha kufariki, hugawanywa mafungu manane. Mama anapata moja, ambalo ni thumuni yake. Kila binti anapata moja, na kila mtoto wa kiume anapata mawili. Kwa maana hiyo, tangu baba alipofumba macho, viti vile vya kijivu vilikuwa vya watu sita, na katika mafungu manane mtoto mkubwa alikuwa na mawili tu. Mrithi anayetumia fedha zake kwenye mali ya ushirika bila idhini ya wenziwe, wanazuoni wengi humhesabu kuwa amejitolea, hadai kitu. Na anayetoa sehemu ya mali hiyo bila idhini anawajibika nayo.

Kikao kilikuwa kirefu. Dada zake hawakupandisha sauti. Yule mdogo alisema tu kwamba kiti cha katikati ndicho alichokuwa akikalia baba alipompeleka shule, na kwamba angeulizwa, angelisema kisitolewe. Kaka alinyamaza muda, kisha akakubali. Fundi, Allah amlipe kheri, alikubali kulipwa fedha taslimu na kurudisha viti viwili. Cha katikati kilikuwa kimekwisha kuuzwa na hakikupatikana. Mabinti, kwa ombi la mama yao, waliridhia kaka yao arudishiwe gharama ya ushonaji kutoka katika bei ya gari, lakini thamani ya kiti kilichopotea ikakatwa katika mafungu yake mawili. Katika karatasi ya mauzo tuliandika: viti viwili vya asili, kimoja si cha asili. Mnunuzi alipunguza bei, akalipa.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu lipo gari la marehemu, msianze na fundi. Anzeni na kikao cha warithi wote, wanaume kwa wanawake, na aliye mbali apigiwe simu. Orodhesheni vilivyomo ndani ya gari hadi kiti cha mwisho, kubalianeni nani atagharamia na atarudishiwaje, muandike, na muweke mashahidi wawili. Mama aliye ndani ya eda asubiriwe au aulizwe alipo, kwani fungu lake ni haki iliyopangwa na Mola wake, si hisani ya wanawe. Baada ya hapo ndipo mfungue skrubu ya kwanza.

Twamuomba Allah atujaalie uaminifu katika vinavyoonekana na visivyoonekana, na awarehemu wazee wetu waliotuachia. Wabillahi tawfiq.