Mabanda ya ndege yageuzwa maghala: Nani mwenye haki ya kwanza?

MTU anayeona banda kubwa la bati kando ya uwanja mdogo wa ndege nchini Marekani hudhani moja kwa moja kuwa ndani yake kuna ndege. Mara nyingi dhana hiyo ni sahihi, lakini si mara zote. Yawezekana akakuta boti zilizofunikwa kwa turubai, magari ya kale, karakana ya seremala au shehena ya muuza samani, ilhali wenye ndege ndogo wamo katika orodha ya kusubiri nafasi na ndege zao zinanyeshewa nje.

Malalamiko ya aina hiyo ndiyo yaliyoisukuma Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, kutangaza sera mpya mwezi Juni 2016, iliyoanza kutumika Julai 1, 2017. Kwa mujibu wa sera hiyo, banda lililo katika uwanja uliopokea fedha za serikali kuu ni la ndege kwanza. Mpangaji haruhusiwi kuendesha humo biashara isiyohusu usafiri wa anga, wala kuhifadhi bidhaa za biashara hiyo. Hata idara za halmashauri ya mji hazina ruhusa ya kuligeuza ofisi yao. Kulala humo kama nyumbani ni marufuku.

Hata hivyo, sera hiyo haikukosa busara. Jokofu na kochi kuukuu la rubani vinaruhusiwa, mradi visizuie ndege kuingia na kutoka. Anayejiundia ndege yake mwenyewe anahesabiwa kuwa mtumiaji halali tangu hatua ya mwanzo ya kazi hiyo, jambo ambalo awali lilizua ubishi mkubwa. Na pale ambapo hakuna mwenye ndege anayehitaji nafasi, uwanja unaweza kuomba kibali cha kumpangisha mfanyabiashara mwingine, kwa pango la bei ya soko.

Tatizo ni kwamba mkono wa sera hiyo haufiki kila mahali. Marekani ina viwanja zaidi ya 19,000 vya kurukia na kutua ndege za aina mbalimbali. Kati ya hivyo, takriban 5,000 ndivyo vilivyo wazi kwa umma, na takriban 3,300 tu ndivyo vimo katika mpango wa taifa unaovipa sifa ya kuomba fedha hizo. Mmiliki binafsi ambaye hajapokea hata dola moja hafungwi na masharti hayo. Yeye hubanwa zaidi na sheria za eneo lake za matumizi ya ardhi na za kuzuia moto.

Ni rahisi kuelewa kwa nini wafanyabiashara huyapenda majengo haya. Hayana nguzo katikati, milango yake ni mipana, paa ni refu, na nje kuna nafasi tele ya kuegesha malori. Kwa mmiliki, mpangaji wa namna hiyo ni neema: hulipa majira yote ya mwaka, wakati ambapo rubani wa kujifurahisha huweza kuuza ndege yake wakati wowote uchumi unapoyumba. Kumtaka mmiliki huyo alipie lami, taa na bima kwa mapato ya ndege chache ni kumwonea.

Lakini ndege ina faida ambazo haziandikwi katika mkataba wa pango. Hununua mafuta, humpa fundi kazi, na huleta wanafunzi wa urubani. Seremala hafanyi lolote kati ya hayo. Banda moja likiondoka hakuna anayeshtuka. Yakiondoka matano, fundi naye hufungasha. Kisha njia ya kurukia huonekana kama ardhi iliyolala bure, na wajenzi wa nyumba hubisha hodi.

Uingereza inaonyesha ukali wa shinikizo hilo la ardhi. Uwanja wa Panshanger, kaskazini mwa London, ulifungwa mwaka 2014 kupisha mipango ya makazi. Kule Wellesbourne Mountford, uwanja wa watu binafsi karibu na Stratford-upon-Avon, wamiliki walitaka kujenga nyumba mwaka 2016, lakini halmashauri ya wilaya ilisimama upande wa usafiri wa anga.

Kwa maoni yetu, marufuku ya jumla kwa viwanja binafsi itaua vingi kuliko itakavyookoa. Lililo ndani ya uwezo wa mmiliki ni kumpangisha asiye na ndege kwa mkataba mfupi, wenye kipengele cha kumtaka aondoke kwa notisi anapojitokeza mwenye ndege. Wapo watakaolalamika kuwa hakuna seremala atakayefunga mashine zake kwa masharti hayo. Huenda ni kweli. Mwenye boti zake chini ya turubai, hata hivyo, atayakubali.