Ndege ya San Andreas Ilipotea, na Hii Story Inakuhusu

Kama umewahi kucheza GTA San Andreas kwa kompyuta, unajua Skimmer. Ni ile ndege ndogo ya kutua kwa maji. Si gari ya Grove Street, si ile jeti ya kijeshi yenye kila mtu alikuwa anang'ang'ania. Ni ndege tu ya pembeni, na wengi wetu tuliikalia mara mbili tatu tukaanguka nayo baharini.

Sasa cheki hii. Windows 11 ilipata apdeti inayoitwa 24H2, na kufika 2025 wasee wakaanza kuuliza kitu moja: Skimmer iko wapi? Si ati imeharibika. Haiko. Unaenda pale inakaanga na unapata maji matupu. Na wale walioiita kwa nguvu, na CJ akiwa ndani, walirushwa juu kwa kimo cha mita chenye tarakimu zaidi ya 30. Manze, hapo umepita mawingu, umepita mwezi, na bado unapanda.

Kila mtu alinyooshea Microsoft kidole. Inaeleweka, ju gemu ilikuwa fiti jana, umeweka apdeti, leo ndege hakuna. Lakini kuna msee anaitwa Silent, ambaye kwa miaka mingi ametengeneza kiraka cha bure cha magemu ya GTA kinachoitwa SilentPatch. Yeye hakupiga kelele. Alifungua gemu venye fundi wa simu hufungua motherboard, akafuata laini moja hadi nyingine, akapata mwizi. Na mwizi alikuwa ndani ya nyumba tangu 2005.

Iko hivi. San Andreas ina faili la orodha ya magari yote, na kila gari ina namba zake, ikiwemo saizi ya magurudumu. Ndege zina hizo namba pia. Skimmer haina. Kwa Vice City ilikuwa imeandikwa kama boti, na boti haihitaji saizi ya magurudumu. Ilipohamishwa ikawa ndege, mtu alisahau kuongeza hizo namba.

Sasa gemu inafika kwa Skimmer, inatafuta saizi ya magurudumu, haipati. Badala ya kusema "hapa kuna ngori," inachukua chochote kilichobaki mahali hapo kwa memori. Fikiria mwalimu wa Kiswahili ameingia klasi bila notisi, akasoma tu kile mwalimu wa hesabu aliacha kwa ubao. Kwa miaka 20, kilichokuwa kwa ubao ni namba za gari iliyotangulia kwa orodha, van moja hivi. Namba za van zikatosha ndege, hakuna mtu akajua. Halafu 24H2 ikabadilisha venye Windows yenyewe inatumia hio nafasi ya memori. Ubao ukaandikwa vitu vingine. Gemu ikasoma takataka, ndege ikapotea.

Kwa hivyo Windows haikuvunja kitu. Gemu ilikuwa imevunjika kitambo, ikabebwa na bahati miaka 20.

Mbona nakuambia hii story yote? Ju wengi wetu tunadhani gemu ya zamani iko mahali salama. Ukiwa na diski, ama faili kwa flashi, ama umeinunua kwa duka la mtandaoni, unaona hio ni yako na itawaka siku yoyote utataka. Hapana. Gemu ya kompyuta inategemea vitu vingi ambavyo si vyako, na kila mwaka kimoja kinaondoka.

Mimi nina sababu yangu ya kujali. Brathe yangu mkubwa alienda Doha kufanya kazi ya ulinzi, na kile aliniachia, ukiondoa jaketi mbili, ni sevu yake ya San Andreas. Asilimia 94. Alicheza kwa ile desktopu ya nyumbani usiku mathee akiwa amelala, sauti imezimwa. Hio desktopu tulipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa iwashwe tu, akafomati kila kitu bila kuuliza. Picha zikaenda, notisi zangu za chuo zikaenda (hata hivyo chuo niliacha, karo ilishinda). Sevu ilibaki kwa sababu moja: nilikuwa nimeikopi kwa flashi ya GB 4.

Sasa tuongee venye magemu hudedi. Njia ni tatu.

Moja: mashine inasahau lugha

Magemu ya enzi ya DOS, kama Prince of Persia ile ya kwanza yenye jamaa wa nguo nyeupe anaruka mashimo, yaliandikwa kwa mashine za aina ingine kabisa. Windows za biti 64 haziendeshi programu za biti 16, na Windows 11 inakuja kwa biti 64 pekee. Ukibonyeza, inakuambia hii programu haiwezi kufanya kazi kwa kompyuta yako. Haijaribu hata.

Dawa yake ni DOSBox, programu ya bure iliyoanza 2002. Inajifanya kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta yako. Gemu inadhani iko kwa mashine ya miaka ya tisini, kumbe iko kwa laptopu yako ya Ex-UK. Waliotengeneza ni watu wa kujitolea.

Pia kuna shida ya kasi. San Andreas ina kipimo cha kuzuia picha zisipite kasi fulani kwa sekunde. Ukikizima kwa mashine kali ya sai, mambo yanaanza kuwa mathogothanio: CJ anaogelea kama amefungwa mawe. Hesabu za gemu zilipigwa zikitegemea mashine ya polepole.

Mbili: kufuli inabaki, ufunguo unatupwa

Magemu mengi ya miaka ya 2000 yalikuja na ulinzi wa kuzuia kukopi, na mmoja uliitwa SafeDisc. Ili ufanye kazi, ulihitaji kipande chake kikae ndani kabisa ya Windows. Hicho kipande kilikuwa na tundu la usalama, na 2015 Windows 10 ilipotoka, Microsoft ikakikataa. Kwa upande wa usalama walikuwa sawa.

Lakini angalia matokeo. Msee aliyenunua diski halali, kwa boksi, na risiti, akaiweka kwa Windows 10, inakataa kuwaka. Msee aliyenunua ya kuchomwa kule tao kwa soo moja, yenye kufuli ilikuwa imeshatolewa, anaendelea kucheza. Sisemi uibe. Nasema waliolipa ndio waliachwa nje ya mlango, na hio ni aibu.

Tatu: karatasi zinaisha

Hii ndio mbaya zaidi, ju hakuna fundi anaeza kuitengeneza. Mwaka 2014 San Andreas ya Steam ilipata apdeti iliyotoa nyimbo kadhaa kwa redio ju leseni za muziki zilikuwa zimeisha. Mwaka 2021 EA ikaondoa Need for Speed kadhaa kwa maduka ya mtandaoni, ikiwemo Carbon, Undercover na The Run. Na tarehe 31 Machi 2024, Ubisoft ikazima seva za The Crew, gemu ya magari iliyotoka 2014. Hio ilihitaji intaneti hata ukicheza solo. Seva zikazimwa, gemu ikaisha kwa kila mtu, hata kwa mwenye diski mkononi.

The Crew ndio ilichoma wasee. Mwezi uliofuata, YouTuber anaitwa Ross Scott akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games. Kufikia Julai 2025, ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepita sahihi milioni 1, kiwango kinacholazimisha Tume ya Ulaya kulijibu. Na hawadai seva ziwashwe milele. Wanadai tu kampuni ikichoka, iache gemu kwa hali ya kuchezeka.

Kampuni zina majibu yao, na si ya kutupa. Seva ni gharama. Leseni za magari na nyimbo zina tarehe. Seva zikiendeshwa na watu binafsi, nani atalinda watoto na data? Sawa. Lakini hayo ni maswali ya kupangwa kabla gemu haijauzwa, si baada ya pesa kuingia. California ina sheria iliyoanza 2025 inayolazimisha maduka kukuambia wazi kwamba unanunua leseni, hununui gemu. Steam iliweka hilo tangazo hata kabla sheria ianze. Angalau sasa unaambiwa kabla ya kulipa.

Ukidhani natia chumvi, kuna shirika la Marekani linaitwa Video Game History Foundation. Utafiti wao wa 2023 ulipata kwamba kwa magemu yaliyotoka Marekani kabla ya 2010, asilimia 87 hayauzwi tena. Na hio ni Marekani, penye kuna mashirika ya kuhesabu.

Na yetu je?

Hapa ndio najua utaniambia, "Buda, hizo ni shida za Ulaya." Ebu subiri.

Mwaka 2011 wasee wa Nairobi, Planet Rackus, walitoa Ma3Racer. Unaendesha matatu, kwa simu ya Nokia. Hio ilikuwa kitu kubwa, gemu ya mtaa wetu, kwa barabara za kwetu, wakati watu walidhani gemu hutoka Japani na Marekani peke yake. Zile Nokia ziko wapi sai? Kwa droo ya mathee, betri imefura. Duka la Nokia la programu nalo lilifungwa kitambo. Sasa ukitaka kuonyesha mtoto wako gemu ya matatu uliyocheza ukiwa shule, utaanzia wapi?

San Andreas itakuwa sawa. Ina mamilioni ya mashabiki na ina Silent. Kuna duka la Poland, GOG, lililoanza 2008 kwa kuuza magemu ya zamani yaliyorekebishwa, na 2024 likatangaza mpango wa kuhifadhi ulioanza na magemu 100. Hayo yote ni poa. Lakini hakuna msee wa Poland ataamka asubuhi kuokoa gemu ya matatu. Hio ni kazi yetu, na sijaona tukiifanya.

Tuna tabia ya kudhani kitu cha dijitali hakizeeki. Picha ya shosh kwa ukuta tunaifuta vumbi. Flashi tunarusha kwa droo.

Kwa hivyo ufanye nini?

Windows 10 iliacha kupewa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo wengi mtahamia 11, kama bado. Kabla ya fundi kugusa mashine, kopi sevu zako. Za San Andreas ziko kwa Documents, ndani ya folda inaitwa GTA San Andreas User Files, na majina yake ni kama GTASAsf1.b. Ni ndogo sana, hazitakumaliza data hata ukijitumia kwa imeili. Ziweke mahali pawili.

Ukiweka gemu yenyewe, acha kipimo cha kasi kikiwa kimewashwa, weka SilentPatch, na Skimmer itarudi. Kwa magemu ya DOS, tafuta DOSBox. Kama mashine yako imechoka na Windows 11 imeikataa, weka Linux. Programu inaitwa Wine imekuwa ikifanya magemu ya Windows yawake huko tangu 1993, na wakati mwingine gemu ya zamani inawaka huko vizuri kuliko kwa Windows mpya.

Na kama uko na simu ya zamani yenye gemu ya kikwetu ndani, usiitupe. Kama wewe ni mmoja wa waliotengeneza, ile laptopu yenye kodi iko chini ya kitanda, itoe uikopi wiki hii.

Mimi nilimaliza Jumamosi usiku. Nikaweka gemu, nikaweka kiraka, nikachomeka ile flashi. Sevu ikafunguka. CJ alikuwa amesimama nje ya nyumba na suruali ya rangi mbaya sana, ile brathe alikuwa anamvisha makusudi. Nikampigia video Jumapili, kwake ilikuwa imefika saa za kulala. Nikamgeuzia skrini.

Alinyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Umegusa sevu yangu?"

Nikamwambia zii. Yangu nimeweka kwa nafasi ya pili. Ile 94 itamngoja arudi.