Wizara ya Afya itoe jawabu kuhusu mitishamba

Kuanzia River Road hadi Kawangware na Kangemi, jijini Nairobi, dawa za mitishamba zinauzwa mchana kweupe: katika vyumba vya ghorofani, kwenye vibanda kando ya vituo vya matatu na kwenye magari yenye vipaza sauti. Chupa nyingi hazina jina la mmea, kipimo wala anwani ya mtengenezaji. Muuzaji akihama, mgonjwa hana wa kumuuliza. Serikali imeyaacha haya yaendelee kwa kutotekeleza sheria yake yenyewe.

Sheria ya Afya ya 2017 inatamka wazi kwamba Bunge litaunda, kwa sheria mahususi, chombo cha kusimamia tiba za jadi na tiba mbadala. Chombo hicho hakijaundwa. Kazi yake imetawanywa pasipo mwenye kuulizwa. Waganga wamekuwa wakisajiliwa na idara ya utamaduni, ambayo kazi yake si kupima dawa. Bodi ya Dawa na Sumu, katika Barabara ya Lenana, ina miongozo ya kusajili bidhaa za mitishamba, lakini bidhaa isiyofikishwa mbele yake huendelea kuuzwa. Kaunti nayo hutoa kibali cha biashara, na kibali hakisemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya chupa.

Anayedai kwamba dawa ya mti haidhuru kwa kuwa ni ya asili anawapotosha wagonjwa. Mimea mingi hutibu kwa sababu ina alkaloidi, kemikali kali ambazo mmea hujikinga nazo dhidi ya wadudu na wanyama. Kwinini ni alkaloidi, na mofini pia. Vinkristini, inayotibu saratani ya damu kwa watoto, ilipatikana katika ua la bustani lenye asili ya Madagaska. Hospitalini hupimwa kwa miligramu, kwa kawaida zisizozidi mbili kwa mara moja, maana ikizidi huharibu neva.

Mfano ulio karibu zaidi ni mnanaha, gugu liotalo kwenye majaa na viwanja vya ujenzi. Tangu zamani majani yake yamevutwa kama dawa ya pumu, na waliofanya hivyo hawakubahatisha: yana atropini na skopolamini, ambazo hulegeza njia za pumzi. Atropini hiyo hiyo huwekwa katika vyumba vya dharura, lakini huko kila tone limepimwa. Katika mmea, kiasi chake hubadilika kwa udongo, kwa umri na kwa sehemu iliyochumwa, hivyo konzi ya leo si sawa na ya jana. Aliyezidisha hukauka kinywa, moyo humwenda mbio, akaweweseka, na anaweza kufa. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, watu 5 walikufa na mamia wakaugua baada ya kula unga wa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Uchunguzi ulikuta ndani yake alkaloidi za aina hii. Unga huo ulikuwa na rekodi za kuufuatilia hadi ulikotoka. Chupa ya Kangemi haina.

Mgonjwa wa shinikizo la damu anayemeza vidonge vya kliniki huku akinywa mchemsho wa mti wa jamii ya Rauvolfia, wenye resapini, anashusha shinikizo mara mbili bila daktari kujua. Wengi hunyamaza wakiogopa kukaripiwa. Lawama hiyo ni ya wahudumu wa afya.

Waganga waaminifu si washtakiwa hapa. Katiba inalinda maarifa yao, na ukimya wa serikali unawaumiza pia, kwa kuwa unawachanganya na matapeli. Tanzania ilitunga sheria ya tiba asili mwaka 2002 na kuunda baraza lake. Bunge la Uganda likapitisha yake mwaka 2019. Kenya, ambayo taasisi yake ya utafiti wa tiba, KEMRI, ina kituo cha utafiti wa dawa za jadi hapa hapa Nairobi, haiwezi kusingizia uhaba wa wataalamu.

Waziri wa Afya awasilishe mswada Bungeni na kutaja tarehe. Wakati huo huo, Bodi iondoe sokoni kila dawa isiyoandikwa jina la mmea, sehemu iliyotumika, kipimo na jina la mtengenezaji, na kaunti isimpe kibali muuzaji wa dawa asiye na idhini ya Bodi. Hospitali zimuulize kila mgonjwa anachokunywa nyumbani, na ziripoti madhara yanapotokea.

Kamati ya Afya ya Bunge la Taifa nayo imwite Waziri aeleze kwa maandishi ni nani aliyepewa kazi ya kuandaa mswada huo tangu 2017, na ulikwamia kwenye meza ya nani.