MAJI MAANGAVU SI USHAHIDI



Yako maneno yanatembea hapa kijijini kwamba kupeleka maji ya kisima chetu maabara ni kula fedha za ushirika. Eti maji ni maangavu, yanapimwa nini? Maneno hayo ni ya uzembe na mimi nayapinga hapa ukutani, kila mtu asome.

Jicho halihesabu bakteria. Glasi moja inaweza kubeba maelfu yao na maji yakang'aa kama kioo. Ndiyo maana wataalamu hawatazami tu, wanawaotesha. Maji mililita 100, yaani kama nusu glasi, hupitishwa kwenye kichujio chembamba kama karatasi, ambacho matundu yake ni madogo hata bakteria hapiti. Kichujio hulazwa kwenye kisahani chenye chakula chao, kikafungiwa katika kabati la joto la nyuzi 44 hivi, usiku na mchana. Joto hilo linawafaa wale watokao matumboni mwa watu na mifugo. Wengi wengine hulishindwa. Bakteria mmoja huzaana mpaka ukoo wake unaonekana kama doa. Basi unahesabu madoa, kama tunavyohesabu magunia ghalani. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasionyeshe bakteria wa kinyesi hata mmoja katika mililita hizo 100. Hata mmoja!

Mnalia gharama. Mji wa Hamburg, Ujerumani, nao ulilia gharama. Wakubwa wake walivutana miaka mingi juu ya fedha za kujenga machujio ya mchanga, watu wakinywa maji ya mto Elbe hivihivi. Jirani zao wa Altona walichota mto uleule, tena upande wa chini ambako uchafu wa Hamburg ulishamwagwa, lakini wao walichuja. Mwaka 1892 kikaja kipindupindu. Hamburg walikufa watu zaidi ya 8,000. Altona kiliwagusa wachache. Baada ya hapo daktari Robert Koch, ambaye tangu miaka ya 1880 alikuwa akihesabu bakteria wa maji kwa kuwaotesha, akatoa kipimo: maji yaliyochujwa yakizidi bakteria 100 katika mililita moja, yasipelekwe kwa watu.

Wengine mnasema babu zetu walikunywa wakaishi. Walioishi ndio mliowaona. Vile vikaburi vifupi nyuma ya shamba, nani aliwahi kuvihesabu?

Na ninyi mnaoniunga mkono, msinichekee bure. Kupima ovyo ni kutupa fedha kweli. Chupa ya soda iliyosuuzwa haifai. Itatumika chupa iliyotakaswa na maabara, na mdomo wake usiguswe na kidole. Ikae kwenye barafu, ifike siku ileile, isilale stendi. Tena kipimo cha kiangazi hakitoshi, maana mvua za kwanza ndizo zinazosomba. Vyoo vya kitongoji cha juu viko juu ya kisima, kila mtu anajua, hakuna anayelisema mkutanoni. Mimi nimelisema.

Ajenda ya kupima maji ni Jumamosi, saa tisa alasiri, ghalani. Majibu hayajaja, kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe.

Katibu