Mlimchagulia Kioo cha 4K, Sasa Mnamcheka Chaji Ilipoisha

Wadau, ile klipu ya mrembo mchekeshaji akihaha kutafuta soketi gizani imeshazunguka kila kundi la WhatsApp mjini. Jina halitajwi hapa, mnamjua. Alipewa dili la kurekodi uzinduzi wa duka la vipodozi Sinza na kurusha video kabla ya saa 2 usiku. Saa 12 umeme ukakatika, jenereta ikabeba muziki na taa tu, laptopu yake mpya ikazima akiwa katikati ya kuhariri. Mteja kashikilia nusu ya malipo mpaka leo.

Basi maneno yakaanza. Eti laptopu ya kukodi, eti maisha ya kuigiza.

Lakini kumbukumbu za watu wa mtandaoni ni fupi jamani! Mwezi tu uliopita dada huyu alipigisha kura kwenye stori yake kabla ya kununua. Moja ilikuwa na kioo cha 4K na betri ya 50 Wh. Nyingine kioo cha Full HD, betri ya 70 Wh, bei karibu sawa. Wengi wakamjazia 4K, wengine wakaongeza kwamba staa hawezi kushika kitu cha kawaida. Haohao leo ndio wanaocheka.

Ukweli ni kwamba kura ile ilikuwa mbovu. 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8. Full HD ni 1920 kwa 1080, kama milioni 2. Mara nne kabisa, na zote hizo zinataka umeme: chipu ya picha inafanya kazi zaidi, na taa ya nyuma ya kioo nayo inabidi iwake kwa nguvu ili mwanga upenye. Kwenye kioo cha inchi 14 faida yenyewe ni kiduchu. Herufi zinakuwa ndogo mpaka Windows izikuze. Na klipu za dada huyu ni 1080 kwa 1920, mashabiki wanazitazama kwenye simu, tena nyingine zina ufa.

Upande wa betri hesabu ni ya darasa la tano: gawa Wh kwa wati. Chukulia ile ya 4K inakula wati 25 wakati wa kuhariri. 50 kwa 25 ni saa mbili. Ya Full HD ikila wati 20, ile 70 inampa saa tatu na nusu. Saa moja na nusu ya ziada ingetosha kumaliza klipu na kuchukua chake. (Muuzaji akikutajia mAh peke yake, zidisha kwa volti, gawa kwa 1,000. 4,400 mAh kwenye volti 11.4 ni kama 50 Wh tu, asikutishe na tarakimu kubwa. Na kama ni ya mtumba, andika powercfg /batteryreport kwenye Windows uone betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na sasa umebaki kiasi gani.)

Wapo wanaostahili 4K. Kuna mtayarishaji mmoja wa video za muziki, naye anajulikana, ambaye laptopu yake haijawahi kutoka mezani studio, imechomekwa asubuhi mpaka usiku. Huyo anasahihisha rangi za picha kubwa, kioo kinamlipa. Mchekeshaji anayefanyia kazi kwenye bajaji na kumbi za watu ni habari nyingine.

Kosa lake lipo, aliwapa watu wasiobeba begi lake kazi ya kumchagulia. Ila mteja amlipe, video ilifika saa 4 usiku na bado ikatazamwa.

Sasa inasemekana anaiuza, anatafuta yenye betri kubwa. Waliopiga kura ya 4K, nani anainunua?