Misali Isiguswe

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palitakiwa kujengwa hoteli Misali. Wavuvi wa Pemba walikataa, na mwaka 1998 kisiwa kikatiwa hifadhini. Kisha yakaja mafuta: Oktoba 2018 Serikali ya Zanzibar ilitia saini mkataba na RAK Gas ya Ras al-Khaimah, kitalu cha Pemba-Zanzibar.

Sisi hatuchukii utajiri wa nchi. Lakini karafuu twazijua, na twajua nani hubakia na makonyo! Mafuta yakimwagika, mkondo hauulizi mpaka wa hifadhi. Samaki na matumbawe hufa pamoja. Basi twadai: kila mkataba wa namna hii usomwe hadharani, na Misali itajwe kwa jina kuwa hapachimbwi. Mvuvi wa Wesha asingoje kuuona mtambo ndipo aambiwe.